Moshi Kwenye Treni

Nasra mjukuu wangu,

Huku Maskati sote wazima, ila bibi yako kanificha sukari. Unauliza urudi nyumbani kwa kuwa Kijapani hakikuingii? Mie nilikuwa nakimwaga. Haya, kweli ni kuwa nilijua "asante" tu.

Ujanani nilipanda treni ya milima ya huko Japani uliko, theluji tele. Niliposhuka kituoni, bibi mmoja akaita nyuma yangu, "Moshi moshi." Nikatimua mbio, nikijua treni inaungua. Kumbe kwao ni "hebu wewe". Alishuka kunifuata, treni ikamwacha, mkononi ana mkoba wangu wenye paspoti. Tukangoja treni nyingine tukicheka, hakuna anayeelewa lugha ya mwenziwe.

Basi kaa kidogo. Na ule ukuta wa kule mtaani Mabela ulioubomoa kwa gari, nilimwambia baba yako ni mimi. Kwa hilo, nipigie picha milima hiyo ikichanua maua. Mie niliona theluji tu.

Babu yako