Wageni wa Bomba la Moshi

Etterbeek, Ijumaa tarehe 9 Mei

Yaya Mauwa, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na wote wa hapo Bukavu. Goti linaendeleaje? Usinijibu "kidogo kidogo" kama kawaida yako; nataka kujua kama unapanda mlima wa sokoni bila kukaa njiani. Sisi huku ughaibuni tu wazima, baridi imepungua, na Modeste anayekuletea barua hii nimemkabidhi pia dawa yako ya kupaka.

Habari kubwa ni kwamba wageni wangu walifika Jumanne. Nilikwisha kukueleza: ni ndege weusi, wanaofanana na mbayuwayu, wanaotaga katika nyufa za bomba la moshi la zamani, juu ya ukumbi wetu wa ibada. Jirani yetu Chloé anasema majira ya baridi wanayamalizia Kongo, kisha kila mmoja anarudi kwenye tundu lake lile lile. Mimi nalalamika kwamba wanatoka kwetu mikono mitupu, hata sambaza kidogo, dagaa wa ziwa letu, hawabebi. Lakini kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa kupokea wageni kanisani, kila mwaka nawaandika katika daftari, na Jumapili yao ya kwanza nawatangaza pamoja na wageni wengine. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Safari hii wako kumi na wanne. Niliposikia sauti zao, Yaya, nilisimama uani na ufagio mkononi nikalia.

Nina sababu. Mwaka juzi nyumba ya nyuma yetu waliziba matundu wakati wa baridi. Ndege waliporudi wakawa wanajipigiza ukutani kutwa nzima. Watano niliwafagia mimi.

Sasa, mwezi wa tatu kamati ya kanisa iliamua bomba letu nalo lizibwe kabla ya Pasaka, maana mvua inapitia hapo na kuwadondokea wanakwaya. Kazi alipewa Kabamba, fundi mwashi, muumini mwenzetu. Pasaka ikapita, hajagusa hata tofali moja. Watu wakaanza kusema ni mvivu, na juzi kamati imeamua kumwita fundi mwingine aje Jumatatu. Pasteur Éliézer amesema hataki tena kusikia jina la Kabamba kwenye kazi yoyote ya kanisa. Kabamba hakujitetea mbele yao. Jana alikuja mlangoni kwangu, akakataa kuketi, akasema polepole:

— Maman Gracieuse, ni weye uliniambiaka pasteur amesema tungoje mpaka mwezi wa munane. Bon, nimenyamaza. Lakini bibi yangu mwenye nilioa anasikia namna wananiita muvivu.

Ndiyo, Yaya. Nilisema uongo. Pasteur hakuniambia lolote. Nilijua mwezi wa nane ndege wanakuwa wamekwisha kuondoka, nikaona hakuna atakayeumia kwa kungoja. Kabamba alikwisha kuelewa kwamba nilimdanganya, na bado akanisitiri kwa heshima ya umri wangu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Basi nimeamua. Keshokutwa, wakati wa matangazo, nitasimama niseme yote, nikianza na Kabamba. Halafu nitaomba ndege waachwe walee watoto wao hadi mwezi wa nane, kazi arudishiwe Kabamba, na wanakwaya wahamie upande wa madirisha. Ndoo za kukinga maji nitaziweka na kuzimwaga mimi. Wakinivua kazi ya wageni, wanivue. Lakini Jumatatu fundi atakayekuja atanikuta nimesimama chini ya ngazi.

Nakuandikia kabla sijawaambia wao kwa sababu unajua nilivyo mwoga mbele za watu. Modeste anaondoka kesho. Barua ikishatoka mkononi mwangu siwezi kurudi nyuma, maana wewe siwezi kukudanganya.

Wasalimie watoto wote, na kila anayeniulizia. Na mtu akikuletea habari hii kwa kunisengenya, mwambie wewe umekwisha kuijua, tena kwa mwandiko wangu.

Mdogo wako akupendaye,
Gracieuse