Koti la Mzee Kihwele

Kitanzini, Iringa
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naiandika barua hii nikiwa nimekaa kwenye kigoda, lakini moyoni nimepiga magoti kama ulivyonifundisha. Umeamkaje? Goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Na uwele umeota vizuri, au kanga wa porini wamefukua mbegu tena kama mwaka jana? Hapa kila wingu likielekea upande wa Mtera namwambia Neema, hilo linakwenda kwa bibi yako Kintinku, tuliombee lisipasukie njiani.

Wifi Esta, wewe unayemsomea mama, nakuomba leo usiruke mistari. Naijua tabia yako ya kusoma mwanzo na mwisho halafu unasema, "Hajambo, anasalimia." Soma yote, hata pale utakapoona nimekusema.

Mimi na mjukuu wako hatujambo, isipokuwa baridi. Mama, baridi ya huku haina adabu, inaingia ndani bila hodi. Neema ameizoea, anatoka asubuhi na sketi yake ya shule kana kwamba amezaliwa hapa. Mimi ngozi yangu bado ni ya Kintinku.

Barua ya kaka Daudi niliipata. Anasema nirudi nyumbani, kwamba mwanamke mjane hawezi kuzeekea kwenye nyumba ya kupanga, na kwamba ameniwekea chumba karibu na stesheni nikashonee huko. Namshukuru, na najua anasema kwa mapenzi. Jibu ninalo, lakini kwanza nisimulie yaliyonipata, maana bila kuyajua mtaniona mkaidi tu.

Nyumba ninayokaa ni ya zamani sana. Wenyeji wanasema ilijengwa Mjerumani akiwa bado anatawala, na kuta zake ni nene hivi kwamba ukilaza mkono dirishani vidole havifiki nje. Usitishwe na jina la mtaa. Kitanzi chenyewe kilikuwa cha zamani hizo hizo za Mjerumani, siku hizi tunanyongwa na wenye nyumba tu. Katikati kuna ukumbi, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani bomba moja na choo kimoja, na mbele kuna baraza pana ya saruji. Nilikuwa na vyumba viwili, cha nyuma tunakolala na cha mbele kinachofungukia barazani, ambako cherehani yangu inakaa.

Baraza hiyo ndiyo shamba langu. Kutoka hapo mpaka chuo cha ualimu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na chuo kingine kiko juu yake kidogo. Wanachuo wote wanapita mbele yangu wakienda mjini. Mitumba iliporuhusiwa niliogopa, nikasema basi, cherehani imekufa, nani atashona nguo mpya? Kumbe mitumba inakuja na vipimo vya Wazungu. Suruali moja wanaingia walimu wawili na nafasi ya chaki inabaki. Wananiletea nipunguze kiuno, nikate mikono, nigeuze koti. Jioni kabla jua halijazama, wale wanachuo wanaopanga humu ndani wanakaa ukumbini na Neema wanamfundisha hesabu bila kudai hata asante. Mtoto aliyekuwa wa mwisho darasani sasa ananisahihisha mimi vipimo. Mwakani anaingia kidato cha tatu, na shule yake ni ya kutembea kwa miguu kutoka hapa.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Kihwele. Siku ya kwanza nilipokuja kuuliza chumba aliniuliza kabila langu, nikamwambia Mgogo wa Kintinku. Akapiga makofi. "Mtumwa wangu amerudi! Babu yangu alimnunua babu yako kwa kibaba cha mtama mwaka wa njaa, akatoroka. Ingia, chumba kipo." Nami nikamjibu, "Nimekuja kuhesabu mbwa wa mtaani, maana nasikia Wahehe mmewala mkawamaliza." Basi tukawa watani toka siku hiyo, kama makabila yetu yalivyo tangu mababu. Kila mwisho wa mwezi nikimpelekea kodi alikuwa anashika kichwa, "Jamani, Mgogo analeta badala ya kuomba! Dunia inakwisha." Mama, tangu baba afariki sijapata mzee aliyenichekesha vile.

Alifariki mwezi wa kumi. Aliugua siku nne tu. Wiki moja kabla alikuwa ameniletea koti lake refu la kijivu nibadilishe bitana, na nilikuwa bado sijalimaliza.

Nililia, mama, sikuficha. Nilikaa na wanawake, nikateka maji, nikaosha masufuria mpaka mikono ikachubuka. Nilijiambia, Yusta wewe ni mpangaji, jishushe, msiba una wenyewe. Na hapo ndipo nilipokosea, nami nilidhani ninafanya adabu. Mtani hawekwi kwenye msiba ili alie. Wahehe wa mtaa mzima walikuwa wananingoja mimi, Mgogo pekee wa nyumba ile, nikalale kaburini, nizuie jeneza, nimtukane marehemu kwamba amekufa bila kunilipa. Nikawalilia kama mkwe. Mzee wa watu akashushwa kaburini kimya kimya, kama mtu asiye na mtani duniani.

Mimi sikujua kama nimekosa. Niliona tu kwamba Shangazi Maria, dada yake marehemu anayeishi chumba cha pili, hanisalimii tena. Nikimsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, shangazi," anaitikia akiangalia ndoo.

Baada ya wiki tatu Festo akaniita. Festo ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Alikuwa na kazi kiwandani Dar es Salaam, kiwanda kikauzwa, yeye na wenzake wakapunguzwa, amerudi na mke na watoto na sanduku moja. Si mtu mbaya. Ila ameona kwamba wanachuo siku hizi wanatakiwa kujigharamia, mabweni yamejaa, na chumba kimoja wanaingia watatu wanapeana zamu ya kitanda. Akaniambia, "Mama Neema, nyumba nzima nataka niweke wanachuo. Na baraza tutaiziba iwe chumba. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Nilimtazama Shangazi Maria, maana zamani neno lake moja lingetosha. Akaendelea kuchambua mboga.

Nikazunguka, mama. Nimetafuta Makorongoni, nimetafuta Mlandege, nimepanda mpaka Kihesa. Chumba kikiwa karibu na chuo wanataka wanachuo. Kikipatikana cha familia, kiko mbali na wateja wangu na mbali na shule ya mtoto. Na baraza hakuna. Siku ile nilipopata barua ya kaka nilikaribia kufunga mzigo.

Nikaenda kwa Shangazi Maria kumuaga. Nikamwambia, shangazi, kama nimekukosea nisamehe, mimi naondoka. Hapo akalipuka. "Umenikosea? Kaka yangu alikutania miaka sita! Alikuwa anasema, nikifa Mgogo wangu atalala kaburini mpaka mumhonge jogoo. Tukakungoja. Wewe ukakaa unalia! Mtani akilia, nani atatufuta machozi? Ulituona sisi si watu wa kutaniwa?"

Nilishikwa na aibu mpaka masikioni. Na mama, hapo hapo nikamkumbuka yule Mhehe wa reli. Unamkumbuka? Wa genge la kutengeneza njia, mwenye jino moja la mbele, aliyekuja siku tulipomzika baba. Alivaa kofia ya baba, akakalia kigoda cha baba, akaanza kuita kwa sauti ya baba, "Ng'ombe wangu mmewapeleka wapi? Na wewe mke wangu, mbona mlenda hauna chumvi?" Akashika fimbo ya baba akagoma kuitoa mpaka alipopewa jogoo. Nawe, uliyekuwa hujala siku tatu, ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuona.

Nikarudi chumbani, nikamaliza bitana ya lile koti.

Siku ya kuondoa matanga ukoo wote ulikusanyika uani, na majirani, na wanachuo. Nikalivaa koti la mzee, linanifika kwenye vifundo vya miguu, nikavaa na kofia yake niliyomwomba mke wa Festo kwa siri. Nikatokea mlango wa mbele nikikohoa kikohozi chake, kile cha kujivuta kama lori linalokataa kuwaka. Watu wakageuka. Nikakaa kwenye kiti chake.

"Nani amewaambia nimekufa?" nikasema. "Nilikwenda Kihesa kunywa ulanzi, narudi nakuta mnakula wali wangu!"

Kicheko kilichopasuka pale, mama, kilitikisa mabati. Nikamgeukia mmoja mmoja. Jirani niliyemkopesha nyundo, irudishe. Wewe mpwa wangu, umenenepa msibani, ulikuja kulia au kula? Nikafika kwa Festo. "Na wewe mwanangu, nasikia unamtoa Mgogo. Huyu ni mtumwa wangu wa halali, kibaba kizima cha mtama! Ukimtoa nani ataniombea chumvi huko niliko?" Kisha nikajilaza kizingitini na koti langu, nikaziba mlango. "Hapiti mtu mpaka mnikomboe."

Festo alikunja uso, lakini nani anamkasirikia mtani? Angechekwa mpaka anazeeka. Wakaleta jogoo, nikamkataa. Wakaleta debe la ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, nikaonja kidogo, nikakataa. "Nataka baraza!" Shangazi Maria alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, anajifuta kwa ncha ya kitenge, anasema, "Ni yeye, jamani, ni yeye kabisa, mpeni baraza yake." Akaja akaniinua mwenyewe. Akanishika mikono yote miwili.

Lakini mimi si mtoto, mama, najua utani ni utani. Kesho yake asubuhi nilivua koti, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda kwa Festo na shangazi yake akiwapo. Akaniambia, "Mama Neema, yale ya jana yalikuwa mchezo." Nikasema, ndiyo, jana alikuja mtani, leo amekuja mpangaji. Chukua chumba cha nyuma uweke wanachuo wako. Mimi na Neema tutalala cha mbele pamoja na cherehani. Baraza usiizibe, na mapazia na foronya za vyumba vyote nitakushonea. Festo akafikiri sana. Akamtazama shangazi yake. Shangazi akasema, "Jana huyu ndiye aliyemaliza kumzika baba yako. Unataka kumfukuza aliyekuzikia?"

Basi nimebaki. Tumebanana, kitanda na cherehani vinagombania dirisha moja, na Neema anasoma akiwa amekalia mzigo wa mitumba ya watu. Kuna maneno kwamba tajiri mmoja anazitaka nyumba za mstari huu azivunje ajenge ghorofa. Ikifika siku hiyo tutaona. Nimekwisha kujua kulala kizingitini.

Kwa hiyo jibu la kaka Daudi ni hili: nashukuru, ila sirudi sasa. Chumba cha stesheni ampe mtu mwingine. Neema atamaliza shule akiwa katika ukumbi huu, wenye walimu sita wasiolipwa, nami nitakanyaga cherehani mpaka amalize. Si kwamba nimesahau kwetu. Kwetu ndiko kulikonipa chumba hiki, maana ningekuwa kabila lingine nisingekuwa na ruhusa ya kulala mlangoni kwa watu.

Barua hii anaileta binti mmoja wa Manyoni, mwanachuo wetu wa chumba cha nne, anakuja likizo. Mpokeeni kama mimi, mpikieni mlenda, analalamika huku hakuna anayeujua. Nimempa sweta yako, nimeipunguza mwenyewe, na shati la kaka. Nisalimie kaka Daudi, mwambie asinune. Nisalimie mama mdogo Tabitha, na mchungaji, na fundi Ramadhani aliyenifundisha kutia uzi sindanoni, mwambie sindano bado inamtii. Wote waambie mbukwenyi, salamu ya kwetu ninayoikosa huku.

Mama, nina neno moja la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ile ya msiba wa baba ulipocheka, mimi nilikununia. Nilidhani hukumpenda. Nilikaa na neno hilo miaka yote hii, nikaolewa nalo, nikafiwa na mume wangu nalo, na pale alipokufa yeye sikumruhusu mtu acheke, nikabaki nimekauka. Sasa nimewaona wafiwa wakicheka kwa ajili yangu, nimeona uso wa Shangazi Maria. Nisamehe mama. Ulikuwa unampenda kabisa.

Wifi Esta, najua hapo mama amekumbuka lile jino moja la yule Mhehe. Kama anacheka, weka barua chini, mwache acheke mpaka atosheke, ndipo umsomee jina langu.

Binti yako,
Yusta, wa chumba cha mbele