Namba inayonitukana

Reine, ile namba imenitukana tena asubuhi hii! Eti mimi mchawi, eti nimemroga mume wa mtu. Mchawi! Mimi! Na nikipiga, anakata.

Basi nikajifanya naitumia shilingi mia tano, ili simu inionyeshe jina la mwenye laini kabla sijaweka namba ya siri.

Unajua limetokea jina gani? Annick Mapendo. Jina langu! Mimi najitukana mwenyewe?

Nimekaa hapa sokoni Kalerwe mbele ya nyanya zangu mpaka nikakumbuka. Tangu nizaliwe nimemsajilia mtu mmoja tu laini kwa kitambulisho changu, siku aliyofika kutoka Bukavu bila karatasi yoyote; laini ambayo baadaye aliniambia imepotea.

Naenda kuifunga sasa hivi, Reine. Tafuta mchawi mwingine akusajilie.