Swali Nililoliacha Wazi

Jumanne, 9 Oktoba 2018

Vyombo nimeosha. Ndizi nimemenya, Mama akitoka zamu hospitali atapika mwenyewe. Ivan yuko kwenye katuni, miguu juu ya kochi. Mdogo wangu huyu amezaliwa hapa hapa Texas, Kiswahili hawezi kukisoma, na ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Apekue akitaka.

Nina hasira. Tulirudishiwa mtihani wa hesabu, nimeongoza darasa. Kaitlyn, tunayekaa naye meza moja tangu mwaka jana, akaniambia sina haja ya kujitesa na vitabu hivyo, chuo nitaingia tu. Kwa nini? Kwa sababu ya kile kiboksi. Alisema kwa upole kabisa, kama anayekukumbusha umesahau mwavuli.

Kiboksi chenyewe kiko kwenye fomu ya kuomba chuo. Wanauliza asili yako: Mweupe, Mweusi, Mwasia, na wengineo. Unaweka tiki, na watu husema ukiiweka kwenye Mweusi vyuo vinakupendelea. Ukitaka unaliacha swali wazi, hakuna anayekulazimisha. Kumbe kwa Kaitlyn tiki hiyo moja ndiyo iliyofanya mtihani wa hesabu. Jibu la kumpa limenijia nikimenya ndizi, na halifai kuandikwa.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nilimweleza Baba. Kosa langu.

Hakukasirika hata kidogo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo, halafu akatoa hukumu: swali liachwe wazi. Wabaki na maksi na jina. Na jina langu ni Lilian Bernard. Kwetu Bukoba jina la mwisho nimepewa la babu, na babu alibatizwa na mapadri wakamwita Bernard. Baba ni Edwin Bernard. Ukitusoma kwenye karatasi utadhani tuna macho ya bluu. Baba anasema jina hilo ni baraka, ndilo lililomfanya aitwe kwenye usaili wa kazi ya kompyuta wakati wenzake wenye majina ya kwetu walikuwa wanatuma maombi na hawajibiwi.

Nikamkumbusha kwamba fomu inauliza pia nilikozaliwa. Akasema hata watoto wa wamisionari wanazaliwa Tanzania.

Anataka nichaguliwe na mtu asiyejua nikoje, ili baadaye asitokee wa kunisimanga. Nimetafuta kosa kwenye maneno yake sijaliona. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 14 Oktoba

Tuko njiani tunatoka Dallas, daftari liko mapajani, mwandiko unaruka. Jana ilikuwa sendofu ya kumuaga binti wa rafiki yake Mama, anaolewa. Ukumbi wa kanisa, pilau, mshereheshaji asiyejua kunyamaza.

Meza yetu alikaa Mama Brenda, muuguzi aliyewahi kufanya kazi na Mama. Nilimpa shikamoo, hata sijavuta kiti akaniuliza kama nimeshaweka tiki. Habari zangu zilifika Dallas kabla yangu. Sijui nani kapiga simu. Nadhani ninajua.

"Ile box siyo yetu, Lilian," akasema. "Ni ya wale ambao babu zao waliuzwa. Sisi tumekuja na ndege, na masanduku yetu. Uki-tick pale umemnyang'anya mtu."

Mama akamwambia kwamba polisi akimsimamisha barabarani hajawahi kumuuliza alikuja na ndege gani. Basi, meza ikawaka. Huyu anasema haki, yule anasema nafasi, mwingine anataja mtoto wa shemeji yake aliyejaza na wa jirani ambaye hakujaza. Pilau ikapoa. Fomu ni yangu, ngozi ni yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Mama Brenda ana hoja. Sijawahi kuifikiria kabla ya jana, na tangu Dallas mpaka hapa tulipofika sijafikiria kingine.

Alhamisi, 18 Oktoba

Leo zamu ya Bi. Collins, mshauri wa wanafunzi. Huyu alifurahi mno. Niweke tiki bila kusita, halafu insha yangu iwe juu ya safari yangu. Safari gani? Akaanza kunidodosa. Vita je? Maji je, tulikuwa tunayafuata mbali? Nikamwambia tulikuwa na bomba uani na Baba alikuwa mwalimu wa sekondari. Uso ukamshuka. Kwa kumwonea huruma nikasema njaa kubwa ninayoikumbuka ni ule msimu senene walipochelewa. Ilibidi nimweleze senene ni panzi na wanakaangwa. Akaandika haraka haraka, macho yanang'aa. Nilijuta kufungua mdomo.

Mmoja anataka ngozi yangu ifichwe, mwingine anataka itoe machozi, wa tatu anasema si yangu. Nimechoka nao wote. Insha yangu inahusu hesabu na haibadiliki.

Jumatano, 31 Oktoba

Nimetuma. Swali nimeliacha wazi.

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akanishika bega. Atadhani nilimtii. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria Kaitlyn. Nilitaka siku moja nimwambie: sikukigusa kiboksi chako. Nilitegemea moyo ungetulia. Haujatulia.

Jumamosi, 17 Novemba

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Chuo humtuma mtu aliyesoma pale zamani akuhoji. Wangu ni Bwana Hale, wakili, mtu mzima. Anapewa jina, shule na simu yako, basi. Tulipanga mkahawa mmoja huku Houston. Nilimtumia ujumbe: nimekaa karibu na dirisha, nimevaa blauzi ya bluu. Baba alinishusha akabaki garini.

Akaingia. Akatazama huku na huku. Macho yetu yakakutana, nikatabasamu, nikaanza kunyanyuka. Akanipita. Akaenda kwa msichana wa Kizungu aliyekaa meza ya nyuma yangu. Huyo alivaa sweta la kijivu. La kijivu! Akamuuliza kama yeye ni Lilian. Msichana akatoa spika masikioni, akatikisa kichwa. Bwana Hale akatoka nje, akapiga simu. Simu yangu ikalia mezani. Akaiona kupitia kioo, na mimi nimeishika, tunatazamana.

Alirudi mwekundu kama nyanya. Akasema samahani sana, alikuwa anategemea… Akavuta kiti.

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia hesabu. Aliniuliza juu ya Afrika. Mwishoni akaniuliza kama niliweka tiki kwenye swali la asili, nikasema niliacha wazi. Akainama kidogo, akashusha sauti kama anayenipa siri, akaniambia nilikosea kuliacha lile swali, lingenisaidia sana. Nisijali, atahakikisha wanajua.

Nikamshukuru. Nilitamka kwa mdomo wangu, asante sana. Hasira yangu kubwa leo si juu yake, ni juu ya hiyo asante.

Baba akauliza imeendaje. Nikasema vizuri.

Jumapili, 18 Novemba

Baada ya ibada, mezani, nikawaeleza. Blauzi, sweta, simu, kila kitu.

Baba akasema si unaona, jina lilifanya kazi yake, yule mtu alikuja akiamini anakutana na Mzungu. Mama akaweka kijiko chini.

"Jina limefungua mlango, sawa, Baba Lilian. Sasa anayeingia ni nani?"

Hapo nikaropoka. Nikamwambia Baba kwamba pale mkahawani nilijiona kama abiria aliyepanda na tiketi ya mtu mwingine. Nikamwambia Kaitlyn anaamini bila kiboksi mimi si kitu, na yeye baba yangu anaamini nikiwa nacho mimi si kitu, kwa hiyo anioneshe tofauti yao iko wapi.

Aliinuka akaenda gereji. Hakupiga mlango. Afadhali angeupiga.

Sijawahi kusema na Baba vile. Nimelia. Na bado nina hasira, na sitaomba radhi kwa maneno yenyewe, labda kwa sauti tu.

Alhamisi, 22 Novemba

Leo ni sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, na mtaa wetu mzima hapa Pearland unanuka bata mzinga. Kwetu ni mbuzi.

Siku nne Baba alikuwa ananijibu ndiyo na hapana. Leo, akiwa anakata nyama, bila mtu kumuuliza, akaanza kusema. Ile siku ya usaili wake, wa mapokezi alidhani ameleta vifurushi. Alimwelekeza mlango wa nyuma. Baba hakubishana. Alizunguka jengo zima na suti yake, akaingia kwa mlango huo wa nyuma, akapanda ngazi za wabeba mizigo, akafanya usaili, akapata kazi. Mama alikuwa hajui. Nilimwona anashika ukingo wa meza.

"Nilitaka wakija kukuona," Baba akaniambia, "uwe umeshaingia ndani."

Nikamwambia naelewa. Naelewa kweli. Nikamwambia pia sitaki kuingia hivyo. Akaendelea kukata nyama. Mnofu wa kwanza aliuweka kwenye sahani yangu, na huo huwa ni wake.

Hasira imebaki, ila sasa haiko juu yake. Iko kwenye ule mlango wa nyuma.

Ijumaa, 23 Novemba

Asubuhi. Nje kuna ubaridi kidogo. Wote bado wamelala.

Nimewaandikia chuo mwenyewe. Sikutaka Bwana Hale awaambie kwa niaba yangu, kama vile ni habari ya ugonjwa. Nimeandika mistari michache tu. Kwamba mimi ni mweusi, Mhaya wa Tanzania, na naomba jibu langu lirekebishwe. Kwamba sijui kama kiboksi hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi, hilo waamue wao, lakini asili yangu ni hiyo. Kwamba niliacha wazi kwa sababu niliogopa maneno ya watu, na sasa siogopi.

Hiyo ya mwisho bado si kweli. Niliifuta, nikairudisha, nikatuma.