Magongo ya Achille Yametundikwa Kanisani

Mpendwa Mama Josée, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana mume wangu anafanya mazoezi ya kucheza dansi na mguu uliovunjika.

Achille ni dereva wa teksi, na karibu na Katogota lori la simiti lilimgonga ubavuni, teksi ikabiringika mpaka katikati ya shamba la mpunga, wakamtoa akiwa hai lakini mguu umevunjika chini ya goti, akafungwa plasta, daktari akasema lazima apasuliwe awekwe chuma la sivyo atachechemea maisha yake yote, na kampuni ya bima ya lile lori ilikuwa imekubali kulipa, mambo yalikwenda vizuri kabisa mpaka tulipokwenda kanisani kutoa shukrani.

Kwetu ukitoka salama kwenye ajali lazima usimame ushuhudie, na kabla ya Achille, alisimama Mama Élisabeth akashuhudia habari za mbuzi wake aliyepotea akarudi mwenyewe, watu wakashangilia sana, na mume wangu, Mama, hakubali kushindwa na mbuzi. Akasema, "Mguu ilivunjika vipande-vipande, lakini leo minye niko muzima!" akatupa magongo, akacheza mbele ya madhabahu na plasta yake, nami badala ya kumshika nikapiga vigelegele na kumtandikia kitenge changu kipya akanyage. Mchungaji akayatundika magongo ukutani yawe ushahidi, yako huko mpaka leo, na Achille anakwenda chooni akiegemea fagio.

Sasa mpiga gitaa wa kwaya yetu, Vainqueur, ndiye mkaguzi wa ile kampuni ya bima. Jumatatu alikuja nyumbani na karatasi ya kusema mgonjwa amepona, akamwambia, "Papa Achille, minye nilipiga gitaa, weye ulicheza. Sasa niandike nini?" Achille akajibu kwamba uponyaji iko mu roho, mguu utafuata. Haujafuata, umevimba. Na Mchungaji amealika watu wa kanisa la Kasenga waje Jumapili wamwone akicheza tena! Akisema ukweli anaogopa kuchekwa, akitia sahihi kwamba amepona, pesa za operesheni zimekwenda, nami usingizi sipati. Nifanye nini?

Feza, Kilibula

*

Feza, pole sana, na mwondolee Achille hilo fagio kabla hajaanguka nalo. Ajali ya kwanza nawahurumia. Ya pili mmejitakia wenyewe, yeye kwa kushindana na mbuzi, weye kwa kutandika kitenge.

Asitie sahihi karatasi hiyo, hata Vainqueur akija na kwaya nzima. Mpeleke hospitali leo, na utafute gari, siyo pikipiki! Daktari apige picha mpya ya mfupa na aandike kwamba mguu haujapona. Chukua maandishi hayo pamoja na ripoti ya polisi, peleka ofisi ya bima, na ubaki na kopi iliyopigwa muhuri wao. Wakibisha, waombe daktari wao ampime. Apime mguu, asipime imani.

Na Vainqueur msimfanye adui. Aliuliza aandike nini, wakati angeweza kuandika kimyakimya. Mwonyesheni uvimbe, aandike alichokiona.

Jumapili Achille aende, akae kwenye kiti, aseme, "Bandugu, niliongeza chumvi. Mguu iko bado. Lakini lori ilinigonga na niko hai." Mama yangu, huo si ushuhuda wa kutosha? Mbuzi gani ataufikia? Watacheka, ndiyo, na weye utacheka nao, halafu watakwenda kwao kula. Mguu uliopinda atabaki nao yeye.

Kisha shusha magongo mbele ya watu wote, usimwombe mtu ruhusa. Ila msumari uuache ukutani. Siku Achille atakapoingia kanisani ameyabeba begani bila kuyaegemea, atayatundika kwa mkono wake, na siku hiyo, Feza, tandika kitenge.