Damu ya Yoeli Tumboni Mwangu

Jumamosi, 12 Aprili
Tumefyatua tofali hadi saa kumi. Saruji imenichubua vidole. Simu yangu ilitumbukia kwenye zege ikafa, ndugu wa Bukoba wananipata kwa simu ya Yoeli. Leo kaiacha juu ya gunia, ikaita, nikapokea. Dada. Analia kwa hasira. "Hata kumzika mama umeshindwa?"
Mama kazikwa Jumatano. Yoeli aliambiwa Jumatatu.

Jumapili, 13 Aprili
Sikwenda ibadani. Nimemuuliza Yoeli. Hakukataa. "Ungeondoka, msimamizi angewapa mashine yetu ya tofali watu wengine. Mie ningekula wapi, kaka?"
Kaka. Nyumbani tuliapa undugu: tulichanjana kitovuni, tukapasua punje ya buni, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Mama ndiye aliyetutandikia mkeka. Kwetu ukishameza, mama wa mwenzako ni mama yako. Ukivunja kiapo, ile punje inakuvimbia tumboni mpaka ufe.

Jumanne, 15 Aprili
Namtazama tumbo. Anakula ugali vizuri tu. Natamani avimbe.

Jumatano, 16 Aprili
Kesho Alhamisi Kuu. Mie na Yoeli huwa tunapiga magoti pamoja mezani pa Bwana. Nimemwendea mchungaji wetu hapa mtaani Wazo, nikamwambia sinywi kikombe kimoja na yule. Nilidhani atanigombeza kwa mambo ya buni. Hakunigombeza.
"Agano lenu la buni, kila mtu alitoa damu, na mvunjaji afe," kasema. "Agano la Kristo katoa yeye peke yake, kwa ajili ya wavunjaji. Hata msaliti alikaa naye mezani, mwanangu."
Nikamjibu hiyo si haki.
"Kweli, si haki."
Nimerudi na hasira zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimekunywa. Yoeli alibaki kwenye benchi, kainama. Sijamsamehe. Nilikunywa kwa sababu nataka mtu afe, na sikujua pengine pa kuupeleka ubaya huo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Hakuna kazi. Nimemkuta Yoeli uani ananyoa kichwa kwa wembe, kama wanavyonyoa kwetu watoto wa marehemu. Kisogoni hafikii, kajikwangua vibaya. Nimesimama nikimtazama. Kisha nikachukua wembe, nikammalizia. Sikumkata.
Nikamrudishia wembe, nikakaa chini, nikainamisha kichwa changu.