Nilivyompa Wafula Mwisho wa Uongo

Jumanne

Akili yangu ikigawiwa walimu wote wa Kampala, bado itabaki ya kuuzwa kwa jumla katika soko la Kikuubo. Leo Wafula amelijua hilo.

Wiki jana huyu Mkenya alinicheka mbele ya Zaituni, mtu pekee ambaye sitaki anione mjinga. "Wewe uliyeacha shule, ishara katika riwaya utaijulia wapi?" Sikusahau.

Leo kabla ya kikao chetu cha kusoma akaniuliza riwaya yetu ya mwanamke mshonaji aliyemwacha mumewe inaishaje, maana hakuimaliza. Nikamwambia, "Kaka, yule mwanamke anarudi kwa mumewe. Cherehani ni ishara ya ndoa." Kikao kilipoanza, akasimama akayasema yote, kifua mbele!

Zaituni akaangua kicheko. "Banange, jamani Wafula! Cherehani ni uhuru wake. Alifungua duka lake, na aliyempenda akamfuata hukohuko."

Kikao kizima kikacheka. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Wafula akainamisha kichwa. "Basi nifundishe, Zaituni." Zaituni akavuta kiti karibu naye. Sasa watasoma pamoja kila jioni, sura kwa sura, tangu mwanzo.

Hilo ndilo nililolitaka mimi siku zote, na sijawahi kuthubutu kumwomba.